Beji Iliyonisemea Ukweni

Chekeni tu jamani, mimi nimeshazoea, maana hadi leo nikipita Lumemo, ukweni kwangu, kuna watu wananiuliza kama leo nimekuja na mdomo wangu au nimeleta ule wa kifuani.

Ilianzia kwenye mafunzo ya kompyuta hapa Ifakara, ambako kila mmoja alipewa beji ya kielektroniki, kitu cha kuning'iniza shingoni, kina kioo kidogo, taa, kitufe na kinasa sauti kisichozidi punje ya mchele, na raha yake ni kwamba unaiandikia programu yako mwenyewe nayo inafanya unachotaka. Mimi nikataka ifanye utundu. Mkufunzi wetu alikuwa mtu wa maneno mengi, akianza yeye wali unapoa, basi nikaandika kwamba beji ikisikia mtu anaongea muda mrefu bila kupumzika ilie pii, halafu kwenye kioo yapite maandishi, MZEE FUPISHA, na akizidi kuendelea yaje mengine makali zaidi. Darasa zima tulicheka hadi machozi (mkufunzi naye alicheka, ila siku hiyo alimaliza mapema).

Sasa, siku hizohizo ndiyo nilikuwa naenda kujitambulisha kwa kina Leokadia, mchumba wangu. Na mnajua utaratibu wetu, mposaji unakaa kimya, anayeongea ni mshenga, ambaye kwangu alikuwa mjomba Kasiani. Mimi kukaa kimya ni adhabu. Nikaona hapa pana upenyo, kwamba mdomo umefungwa lakini kifua hakikufungwa, nikaiongezea beji salamu ya kupita nikibonyeza kitufe, SHIKAMOONI WAZEE WANGU. Ile programu ya zamani nilipaswa kuifuta. Nikaitazama, nikaionea huruma kwa jinsi nilivyoihangaikia, nikajiambia mjomba Kasiani siyo mwongeaji, itamsikia nani? Nikaiacha. Leokadia alinionya kwenye simu nisiende kwao na mambo ya mafunzoni, nami nikamwambia aniamini.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Tumeshuka kwenye bajaji, tumekaribishwa, nikabonyeza, salamu ikapita, na shangazi yake Leokadia, Skola, ambaye husoma masomo kanisani na hawezi kuona maandishi akayaacha, akainama akaisoma kwa sauti ile ya Jumapili. Wazee wakaitikia marahaba wakikitazama kifua changu. Mjomba Kasiani naye akapata kiburi, akawaambia, "Mnaona kijana wetu? Yaliyoandikwa hapo ni maneno yetu sote." Leokadia, aliyekuwa amechungulia kutoka mlango wa jikoni, akatabasamu, nami nikajiona nimeshaoa.

Kisha akasimama baba mkubwa wa Leokadia, mzee Ponsiano. Huyu sikuwa nimemweka kwenye hesabu kabisa. Ni katekista, ni mkubwa wa ukoo, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, akisema hapana basi ni hapana. Alianza tangu ukoo wao ulipotoka Mahenge, nani alimzaa nani, nani alivuka mto na nani aligoma kuvuka, na mimi jasho likaanza kunitoka kwa sababu mzee yule hapumui. Pii.

Shangazi Skola akainama. "Mzee fupisha," akasoma.

Nikafungua mdomo nijieleze, mjomba akanifinya paja, maana mposaji haongei. Mzee akamtazama mdogo wake, baba yake Leokadia, akamtazama mjomba, akadhani amesikia vibaya, akaendelea kwa sauti kubwa zaidi, na beji kwa sauti kubwa inazidi kuchachamaa. Pii. Shangazi akainama tena, "Sisi tuna njaa." Nikaifunika kwa kiganja, kumbe nimebonyeza kitufe, ikawapa shikamoo katikati ya balaa (na kuna bibi mmoja akaitikia). Nikavuta kamba niivue, ikanasa kwenye kola, nikawa nahangaika nayo huku nimekodoa macho, ikalia mara ya mwisho, na shangazi Skola, Mungu anamwona, alisimama kabisa ndipo akasoma, "Nani alimkaribisha huyu?"

Katika nyumba ya mdogo wake wa damu, jamani. Aibu niliyoisikia siku ile sijui niiweke wapi. Jikoni nilisikia sufuria ikianguka, na Leokadia sikumwona tena siku hiyo.

Mzee Ponsiano akaketi taratibu. "Mshenga," akasema, "ulituambia yaliyoandikwa pale ni maneno yenu wote."

Mjomba Kasiani, mtu mzima na mvi zake, akachukua kofia yake akainuka. Tuliondoka bila kula.

Siku zikapita, Leokadia hapokei simu, mimi silali wala sili. Halafu jibu likaletwa kwa mjomba: kijana aje Mkula kuvuna mpunga wa mzee Ponsiano, na kifuani asivae kitu. Nilienda na fulana iliyotoboka. Nikakata mpunga hadi mgongo ukakataa kunyooka, Leokadia akileta maji anaweka chini na kuondoka, hanitazami.

Mchana, jua likiwa utosini, mzee akaniita, akanisimamisha mbele yake katikati ya majaruba, akaanza tena tangu Mahenge. Nani alimzaa nani. Nani alivuka mto. Mbu wa majaruba wananila miguu, sikuwafukuza. Alipofika kwa yule aliyegoma kuvuka akasimama, akanitazama, akauliza, "Nifupishe?"

"Hapana, baba," nikasema. "Endelea."

Nyuma yangu nikamsikia Leokadia anacheka. Mzee naye akaendelea, ndugu zangu, akaendelea hadi jua linazama, na ukoo ule sasa naujua wote kuliko wangu. Ndoa tulifunga. Beji iko kabatini haina betri, na nimeapa kwamba nikialikwa popote kifuani nitavaa vifungo vya shati tu.