Midomo ya Mwalimu Zuhura

Kila nikisikia harufu ya kitunguu saumu kinachoiva kwenye mafuta, shingo yangu hulala upande wa kushoto yenyewe. Juzi nilikuwa kwa binti yangu. Yeye yuko jikoni anapika, mie nimekaa sebuleni na wakwe zake, watu wastaarabu, tunaongea habari za mvua. Harufu ikaingia, nami nikalaza kichwa begani katikati ya sentensi. Wale wazee wakatazamana. Nadhani walihofia kiharusi.

Ni mazoea ya utotoni. Nilipokuwa mdogo kule Mtoni, Temeke, mama alikuwa akipasha kijiko cha mafuta ya nazi juu ya moto wa koroboi, na ndani yake punje ya kitunguu saumu iliyopondwa. Yakishapata uvuguvugu aliyajaribu kwa kidole, akanilaza mapajani, akanimiminia masikioni. Masikio yangu yalitoa usaha tangu nikiwa mchanga, na katika kutoa huko yalikuwa yameondoka na sehemu kubwa ya usikivu wangu. Si wote. Malori yaliyokuwa yakienda bandarini niliyasikia. Ngoma nilizisikia. Charahani ya mama niliipata kwa nyayo, kupitia sakafu, na nilijua ameacha kushona hata nikiwa nimempa mgongo. Ila maneno ya watu yalinifikia kama yanatoka chini ya godoro.

Mwenyewe sikujua kama nina kasoro. Mtoto hana sikio la mtu mwingine la kulinganisha na lake. Niliamini kila mtu anaishi hivyo hivyo: unatazama mdomo wa mwenzako, unabahatisha, na ukikosea unatabasamu. Nilikuwa mtoto mwenye tabasamu jingi sana. Majirani walinisifia kwa adabu.

Mama alijua, lakini hakutaka lisemwe. Lisiposemwa, alidhani, mafuta yatapata muda wa kufanya kazi.

Chekechea yetu ilikuwa kwenye chumba kimoja nyuma ya ofisi ya tawi la chama, chumba chenye harufu ya uji, chaki na mikojo ya waliochelewa kuomba ruhusa. Tulikaa chini kwenye majamvi, tumebanana. Kila kitu tulikisema kwa pamoja: irabu, siku za juma, kuhesabu, salamu. Hakuna mahali pazuri pa kujificha kuliko katikati ya watoto wanaopiga kelele za kitu kimoja. Nilimtazama wa kando yangu, nikafungua mdomo alipofungua, nikafunga alipofunga. Nilichelewa kwa nusu pumzi tu, na katika kelele zile nusu pumzi haionekani.

Mwalimu wetu aliitwa Zuhura. Alikuwa msichana bado, mrefu, mwembamba, mwenye mwanya, na kanga yake ya mabegani haikuwahi kukaa sawa. Siku moja alitoka mbele ya darasa akaenda kusimama nyuma yetu. Sikuona ajabu. Nilichoona ni wenzangu wote kugeuka, polepole, kunitazama mimi. Nikatabasamu. Wakaendelea kunitazama. Nikaongeza tabasamu. Ndipo mtoto mmoja akanyoosha kidole, midomo ikaanza kuruka chumba kizima, na neno lile nililijua vizuri maana nilikuwa nimewahi kuona mwenzetu Sadi akiitwa hivyo: kiziwi, kiziwi, kiziwi. Mwalimu alikuwa amesema, kwa sauti ya kawaida, Tatu asimame peke yake. Nami Tatu nilikuwa nimekaa, nafurahi.

Alipiga makofi, wakanyamaza. Akaja, akanishika mkono, akanihamishia jamvi la mbele kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Maana Sadi naye alikuwa amewekwa mbele. Sadi alikuwa mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hakusikia hata lori na hakusema neno. Aliwekwa mbele, kisha mwalimu akaenda kwao, akakaa na mama yake ukumbini, na baada ya Idi Sadi hakuwepo tena. Wakubwa walijua alikopelekwa: shule ya bweni ya wasiosikia, huko bara. Mie habari zangu nilizipata kwa dada yangu Zena, aliyekuwa darasa la tatu na mwenye jibu la kila kitu. Zena alikuwa akilisogelea sikio langu la kulia, lililokuwa na nafuu, na kuligeuza tarumbeta.

“Wanatiwa kwenye kontena!” alinipigia kelele. “Kurasini! Linafungwa, linapandishwa meli!”

“Linakwenda wapi?”

“Huko!”

“Huko wapi, dada?”

“Huko huko! We unauliza sana kwa mtu asiyesikia!”

Baba alikuwa kibarua kwenye yadi za makontena Kurasini. Nilimwona mara moja kazini, mdogo kama sisimizi chini ya yale masanduku, akivuta mlango wa chuma na kuukomea. Kwa hiyo nilipolala, niliona jambo lote lilivyo. Siku moja nitakuwa ndani, gizani, na Sadi. Na atakayefunga mlango kwa nje ni baba, bila kujua nimo. Nitapiga kelele, lakini sauti yangu, nilivyokuwa nikizijua sauti za watu, itamfikia kama inatoka chini ya godoro.

Mwalimu Zuhura akaanza kunibakiza. Wenzangu wakitoka na vikombe vyao, mie ananikalisha mbele yake, magoti yetu yanagusana, ananishika kidevu na kukiinua. Kisha anasema. Taratibu. Uso wake ulikuwa karibu mno hata niliona vinyweleo juu ya mdomo na jasho lililokaa kwenye mwanya. “Kikombe.” Ninaleta kikombe. “Chaki iko wapi?” Ninaonyesha. Nikikosa, ananitazama kwa macho makubwa, anarudia. Hakucheka. Hakunipa pipi. Mishipa ya shingo ilimsimama. Niliwaza: anapima. Anapima kama nimeiva kutiwa kwenye kontena.

Siku aliyokuja nyumbani nilimwona kwa mbali akikunja kona ya kisima, kanga ikimdondoka. Nilijificha chini ya meza ya charahani. Nikaona miguu yake ikivua ndara mlangoni, nikaona miguu ya mama ikitoka kwenye pedali. Halafu sakafu ikanyamaza. Kwa mtoto anayesikiliza kwa nyayo, hakuna kimya kibaya kuliko hicho. Walikaa muda mrefu. Mama alipoinama kunitafuta macho yake yalikuwa mekundu, na alinivuta kifuani kwa nguvu mno, kama mtu anayeaga. Nikajikojolea.

Baada ya hapo mambo yakaenda upesi. Asubuhi moja mama alinivalisha gauni jipya aliloshona mwenyewe, akanipaka mafuta hadi magotini, akanisuka nywele za kubana. Mwalimu Zuhura alikuja kutuchukua. Zena hakusema neno, naye Zena kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha peke yake. Niliwashika mama na mwalimu mikono, nikawa naangalia njia. Tukipinda kulia, ni Kurasini. Tukafika njia panda. Tukapinda kushoto.

Tukaingia shule ya msingi. Ilikuwa siku ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza.

Wengi wenu wa umri wangu mnaukumbuka mtihani wenyewe. Vyeti vya kuzaliwa havikuwa jambo la kila nyumba, kwa hiyo umri ulipimwa kwa mkono: unaupitisha juu ya kichwa, katikati kabisa, na kugusa sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umekua. Mkono wangu ulilifikia, tena ukalishika. Mwalimu mkuu, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliafiki kwa kichwa. Nchi nzima ilikuwa ikipima watoto kwa masikio, na hakuna aliyeuliza kama yanafanya kazi.

Kisha akainama juu ya meza kuandika, na maswali yakaanza. Najua yalianza kwa sababu mashavu yake yalicheza. Midomo sikuiona. Ilikuwa imefunikwa na masharubu, na masharubu yenyewe yalikuwa yameinamia karatasi. Nikamtazama mama: anatazama sakafu. Mwalimu Zuhura alikuwa amesimama dirishani, nyuma ya mzee, na midomo yake ikaanza kwenda kama tulivyozoea. Jina lako nani. Nikasema. Baba yako anaitwa nani. Nikasema. Unakaa wapi. Nikasema Mtoni, kwa sauti kubwa kupita kiasi, maana niliona mama akishtuka.

Mzee akaacha kuandika. Akaniangalia, akafuata macho yangu hadi dirishani, akageuka. Mwalimu Zuhura alifunga mdomo. Mzee akainuka kwenye kiti, akaizunguka meza, akaja kusimama nyuma yangu. Nilihisi tumbo lake mgongoni.

Sikujua anasema nini. Nilijua tu kwamba mtu yuko nyuma yangu, na kwamba watu wakinisimamia nyuma dunia hunigeukia na kunitazama. Mama alinyanyua uso. Mwalimu Zuhura alikuwa mbele yangu, hatua chache tu, mdomo umefungwa kabisa, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwa mzee juu ya kichwa changu. Ningeweza kutabasamu, lakini siku hiyo tabasamu lilikataa kuja. Nilisimama nikisubiri mlango wa chuma.

Ndipo Mwalimu Zuhura alipokuja. Alipiga magoti mbele yangu, pale pale kwenye sakafu ya ofisi, akanishika kidevu, akakiinua.

“Mwalimu mkuu anauliza,” midomo yake ilisema, “mama akikutuma dukani chumvi na sukari, utarudi na vitu vingapi?”

“Viwili,” nikasema.

“Na ukila sukari njiani?”

“Kimoja.” Nikafikiri kidogo. “Na fimbo.”

Mambo yaliyofuata niliyapata miaka mingi baadaye kwa mama, ambaye huyasimulia kama taarabu, kwa kurudia pale anapopapenda. Mzee alicheka, halafu akakasirika kwa kuwa amecheka.

“Zuhura, umeniletea mtoto asiyesikia, tena kwa mazingaombwe!”

“Nisamehe, mwalimu. Hasikii. Nilitaka kukuficha, nimeshindwa.”

“Wana shule yao hawa! Yule wa kwanza si ulimpeleka mwenyewe?”

“Yule hakuwa anasikia kabisa, kule wanamfundisha lugha yake. Huyu anasema, mwalimu. Umemuuliza, amekujibu au hajakujibu?”

“Madarasa yangu yamefurika. Nani atakaa anampigia magoti?”

“Hahitaji magoti. Aangaliwe usoni tu akisemeshwa.”

Mama anasema mzee alirudi kwenye kiti, akafuta miwani kwa ncha ya shati muda mrefu, na mama akawa anajikaza asilie kwa sababu kulia kungeonekana kama kukubali kushindwa. Mwishowe mzee akachukua kalamu. “Dawati la mbele,” alisema. “Na akinishinda, Zuhura, unakuja kumchukua wewe. Kwa mkono wako.”

Sikumshinda. Nilimchosha, hilo nakubali, na walimu wengine wengi baada yake, hadi chuo kikuu, ambako nilikaa mbele kila kipindi na kupata sifa ya bidii nisiyoistahili. Siku hizi mambo haya yana majina mazuri, mahitaji maalumu, elimu jumuishi. Nayasikia kwenye semina, kwa kifaa cha sikioni kinachopiga mluzi msemaji anaporefusha hotuba. Sadi alirudi likizo akiwa amenenepa, anaongea kwa mikono upesi kuliko Zena kwa mdomo, na alinishangaa sana nilipomuuliza, kwa ishara nilizozibuni, kontena lilikuwaje ndani.

Mwaka jana nilimuuliza mama jambo lililokuwa likinisumbua: Mwalimu Zuhura alipokuja nyumbani, mlikaa muda wote ule mnasema nini? Nilidhani walibishana kuhusu bweni. Mama akasema hapana, hilo lilikwisha mapema.

“Alikuwa analia,” akasema. “Mie nikalia kwa kumwona yeye. Akaniambia, mama Zena, mie sijasomea haya. Kufundisha mtoto kwa midomo nimebuni tu. Nambakiza, nasema naye bila kutoa sauti hata chembe, nione kama anaokota. Nikikosea, shule hawampokei, na mwaka wake nimeupoteza mimi. Naogopa hata kulala.”

Bila kutoa sauti hata chembe. Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Wiki zile zote magoti yetu yakigusana sikuwa nimegundua kwamba hasemi kitu. Kwangu ilikuwa sawasawa. Lakini zaidi nilifikiria uso ule. Mtoto anayeishi kwa kutazama nyuso hujiona bingwa wa kuzisoma, nami ule niliusoma kutwa, kwa karibu kuliko wowote maishani mwangu, na nikausoma vibaya: macho makubwa, mishipa ya shingo, jasho, kutocheka. Nilisema ni ukali. Na pale ofisini, aliponipigia magoti na kuniinua kidevu mbele ya mzee, nilihisi kidevu kinatetemeka na nikaona aibu, nikajikaza kitulie, kikakataa. Nilikuwa na umri wa kufikisha mkono sikioni. Sikuwa na umri wa kujua kwamba kilichokuwa kinatetemeka ni mkono wake.