Waini ya Choya kwenye Koti la Baba Kisirani

Pfuuuu! Hiyo sauti bado ninayo masikioni. Mpaka leo nikipita kwa dobi anayepulizia nguo maji kwa mdomo kabla ya kupiga pasi, nashtuka, nageuka kuangalia nani kalowa. Na nimechoka, jamani. Sokoni naulizwa, kanisani naulizwa, juzi mwenye bajaji kanitazama kwenye kioo mpaka karibu atuingize mtaroni, "Dada, si ndiyo wewe wa waini?" Ndiyo, ni mimi. Aibu yangu naijua, siikatai, ila kuieleza vipande vipande kila kona ya Musoma kumenimaliza, kwa hiyo naisema yote leo, mara moja, halafu naomba tupumzike.

Mimi nakaa kaunta kwenye mgahawa wa Mama Suzi, pembeni ya ziwa. Shule niliishia kidato cha pili, ila ndoto hazikuishia huko, ndoto ziliendelea na masomo peke yake. Sasa, Baba Kisirani mnamjua, yule mwigizaji ambaye kila filamu yeye ndiye baba mkali, anafukuza binti, anarudisha ng'ombe wa mahari, anampiga teke mbwa (mbwa wa watu hana kosa lolote). Jina lake la nyumbani ni Wambura, kwao Butiama, na amerudi kukaa huko baada ya miaka mingi ya mjini. Wasichokijua wengi ni kwamba kabla ya filamu alirekodigi kaseti ya nyimbo zake mwenyewe. Haikwenda popote. Mjomba wangu wa Bunda, fundi redio, alikuwa nayo moja kwenye boksi la spea, akanihamishia kwenye flashi, na mimi siku ya kwanza kuisikiliza nilikuwa naosha sufuria za ugali nikajikuta nimekaa chini na sufuria mapajani, nalia. Yule mtu mkali anaimba taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto! Nikawa nasikilizaga kila nikiosha vyombo. Sufuria za Mama Suzi hazijawahi kung'aa vile.

Basi nikaona kwenye simu, dada mmoja wa huko mbali anaweka wimbo, anamimina waini, anasema wimbo huu unakwenda na waini hii, ule na ile. Unazungusha glasi, unanusa, unatia mdomoni, unaisikilizia na wimbo, unatema kwenye ndoo. Nikasema, Nyangeta, hili ni lako. Waini za Dodoma tunazo, ya ndizi tunayo, na kina mama wa Bunda wanatengeneza ya choya, yale maua ya rozela, nyekundu mpaka inatisha. (Kama mimi hunywa? Hapana. Nilizichagua kwa kunusa vizibo. Endeleeni kunicheka, nimezoea.)

Mama Suzi aliniangalia kama anayeangalia sangara aliyeharibika. "Nyangeta, watu wa hapa wanataka soda na dagaa wa kukaanga, wewe unawaletea waini ya kutema?" Lakini ana huruma, akanipa ukumbi wa nyuma Jumapili moja mchana, baada ya ibada.

Aliyebaki ni mwimbaji mwenyewe. Wambura huwa anakuja Musoma kununua samaki, anakula kwetu, anakaa pembeni akiwa amegeukia ukuta ili watu wasimwombe picha. Nikampelekea sato wake, nikasimama pale pale nikamwambia nina kaseti yake na nataka watu waisikie. Akaweka kichwa cha samaki chini.

"Kakupa nani?"

"Mjomba wangu, baba. Naijua yote."

Akanawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja. "Niliimba zile mbele ya watu mara moja tu," akasema. "Walicheka. Walifikiri naigiza mtu anayeimba vibaya."

Nikamwambia mimi sikucheka, nililia, akanitazama akaona sitanii.

"Nitakuja, binti yangu. Ila jambo moja tu. Watu wasinicheke."

"Hatacheka mtu, baba. Nakuahidi."

Nilimwahidi hivyo. Mkumbuke.

Wageni nikawatafuta Bweri, ninakopanga, na walioitika haraka ni wanakwaya wa kanisani kwetu, ambao pombe hawagusi. Mama mwalimu wa kwaya akanihoji mlangoni kwake kama polisi.

"Inaingia tumboni?"

"Haiingii, mama. Inarudi kwenye ndoo."

"Yote?"

"Yote."

"Basi tutakuja, maana hizo nyimbo umezisifia mno."

Jumapili ikafika. Nikapanga viti, nikatandika vitambaa vyeupe, nikaweka ndoo, na hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa, wa kubebwa kwa mkono mmoja. Ndoo ya mstari wa mbele ilikuwa ile ya kudekia, ya bluu, imepasuka mdomo, nikaona kwenye picha itakaa vibaya karibu na mgeni wa heshima, nikaiondoa. Nikaipeleka jikoni. Nikasema huku mbele atakaa mwenyewe tu, atameza, yeye si mwanakwaya.

Wambura akaja peke yake, amevaa koti la rangi ya maziwa lililopigwa pasi hadi mikono ina makali, koti la mtu aliyejiandaa. Nikaweka wimbo wa kwanza na waini nyeupe. Watu kimya. Wakazungusha, wakanusa, wakatia mdomoni, nikatoa ishara, wakatema kwenye ndoo zao kwa adabu. Wimbo wa pili na ya ndizi, kimya zaidi, mama mwalimu kafumba macho anayumba kidogo, na mimi nikamtazama Wambura nikaona mabega yake yameshuka. Alikuwa ameanza kuamini. Hicho ndicho kinachonichosha zaidi nikikikumbuka, yale mabega.

Mlango ukafunguliwa. Wazee wawili kutoka Butiama, baba yake mdogo na fimbo na kofia, na shangazi yake kajifunga kitenge kipya. Hakuwaalika, walisikia wenyewe kwamba mtoto wao anafanyiwa shughuli, na wao ni wazee wake, waalikwe na nani? Nikafurahi, nikawakalisha mbele kabisa, kulia na kushoto kwake, nikawapa glasi za choya. Mbele, ambako hakuna ndoo. Na kutema hawakuwahi kuona, walikuwa bado njiani.

Nikashika maikrofoni. Wimbo wa tatu ndio ule niupendao kuliko zote, kijana anamwomba mama yake asifunge mlango, amechelewa lakini anakuja. Nikasema kwa ile sauti yangu ya kuiga watangazaji wa redio, "Sasa ndugu zangu, tunatia mdomoni, hatumezi, tunamfikiria huyu aliyerudi nyumbani, tunangoja ishara."

Sasa nieleze kwa wasio wa huku. Kwetu, mzee akitaka kukubariki, hasa ukitoka safari ndefu, anatia funda la pombe au maji mdomoni na kukupulizia kifuani. Hiyo naijua tangu utotoni, nimepuliziwa mwenyewe! Na bado nikasimama mbele ya wazee wawili na mtoto wao aliyerudi, nikawaambia wajaze mdomo, wamfikirie, wangoje ishara. Nikatoa ishara.

Baba mdogo akainuka, akavua kofia, akamgeukia Wambura.

Pfuuuu!

Choya yote, kifuani, kwenye koti la rangi ya maziwa. Wambura akafumba macho. Shangazi naye kainuka, pfuuu, begani. Mzee akaigeukia kwaya na mkono wazi, kama kuuliza, ninyi mnasubiri nini? Na kwaya ya watu, mashavu yamejaa, wote watoto wa huku huku, mzee ameshabariki, nani sasa atathubutu kutema baraka kwenye ndoo ya plastiki? Wakainuka. Wakapanga mstari. Wa kwanza akapuliza, wa pili akapuliza, mama mwalimu mwenyewe akasita, akaangalia juu kama anaomba ruhusa, pfuuu, la nguvu kuliko la wote, likampata usoni.

Hapo mtu akacheka.

Cheko kubwa, la kukoroma mwishoni, lilijaa ukumbi mzima, likatoka kwenye spika zote mbili, likaenda mpaka ziwani. Nikageuka kwa hasira nimwone mshenzi gani anacheka. Maikrofoni ilikuwa mdomoni mwangu.

Nilikuwa mimi. Sikucheka kwa furaha, niliogopa, mimi nikiogopa nachekaga, tangu shule nilichapwa sana kwa sababu hiyo, lakini spika haielezi mambo hayo. Na mimi nilipocheka, wote wakacheka, kwaya, wahudumu, Mama Suzi mlangoni kashika tumbo, na simu zikainuliwa. Wimbo unaendelea, kijana bado anamwomba mama asifunge mlango, na hakuna anayemsikia.

Wambura alisimama katikati anatiririka. Hakufoka. Ningependa angefoka kama kwenye filamu, angenipiga hata teke la yule mbwa. Alingoja wimbo wake uishe, akaenda mwenyewe akazima spika, akanijia.

"Ulikuwa wewe?"

"Ni mimi, baba. Nisamehe."

Akavua koti, akanikabidhi. "Choya haitoki," akasema. "Lakini fua."

Akatoka na shati lake lenye madoa. Baba yake mdogo yeye alikuwa amefurahi mpaka anapepesuka bila kulewa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umetusaidia sana, binti. Tangu arudi tunamwita tumpulizie, kila siku ana udhuru. Leo kakaa mwenyewe kwenye kiti!" Nikaitikia ndiyo babu, asante babu, huku machozi yananitoka, naye akafikiri ni ya furaha, akanipangusa kwa kofia.

Mama Suzi aliniambia taratibu tu, "Nyangeta, mwanangu, rudi kaunta." Video mmeiona, msijifanye. Kinachosikika pale si wimbo, ni cheko langu. Watu wananiambia mbona Wambura alibarikiwa, mbona imeisha vizuri, na mimi naitikia, ila yeye hakuniomba baraka, aliomba jambo moja.

Nimejiwekea kiapo. Sitamwambia mtu yeyote wa mkoa huu ajaze mdomo angoje ishara. Maikrofoni sishiki, hata kwenye harusi ya ndugu. Na nikialika mtu, nitaanza kuuliza wazee wake wako wapi, na ndoo nitaiweka mbele hata kama imepasuka.

Asubuhi ya Jumatatu ile nilikuwa nyumbani Bweri na koti kwenye beseni. Nilifua, nikasugua, nikabadilisha maji, nikaweka limau, doa likabaki pale pale kifuani, limepauka tu, limekuwa kama waridi lililokauka. Nikalianika kwenye kamba. Nikawasha simu, nikauweka wimbo wa mwisho wa kaseti, ambao Jumapili hatukuufikia, na chupa niliyokuwa nimeupangia, nyeupe ya Dodoma, nilikuwa nimerudi nayo mfukoni mwa gauni haijafunguliwa. Nikaifungua. Nikakaa kwenye ngazi nikausikiliza wote, hadi ile sehemu anapovuta pumzi kabla ya neno la mwisho.

Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, jirani alikuwa ameshakwenda shamba. Nikatia funda mdomoni, nikalisogelea koti, nikalishika mabega kama mtu.

Pfuuuu.

Halafu nikalirudisha kwenye beseni, nikalifua tena.