Nilivyowalisha Nzi wa Njaa

Kazi ya sayansi niliipata kwa sababu ndizi zangu zilikuwa zimeiva kupita kiasi. Nilikuwa nauza sokoni Kasuku, na siku ile meza yangu ilikuwa na nzi wengi kuliko wateja, wale nzi wadogo wenye macho mekundu wanaopenda matunda yaliyolegea. Akaja mwanamke mrefu, mwalimu wa biolojia wa sekondari. Akainama. Ndizi hakuzitazama hata kidogo.

– Papa, hawa nzi wako unawapata wapi?

Nikajua ananitania.

– Mama, wanakuja wenyewe. Wanajua kitu kitamu.

– Nauliza kweli. Niko nawatafuta.

Tangu nizaliwe, mtu hajawahi kuja mezani kwangu kutafuta nzi. Nilimuuzia ndizi, nzi nikamwongezea bure, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa msaidizi wake. Mimi, niliyeacha shule mwaka wa pili wa sekondari! Siku ya kwanza, njiani kurudi nyumbani, nilishajiona nimevaa koti jeupe, napanda ndege ya Kinshasa na chupa ya nzi kwapani, na watu wa mji wetu wa Kindu wamejaa uwanjani kunipungia mkono.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake kule Mikelenge, alimokuwa akiweka mpunga zamani. Kulikuwa na rafu mbili za mbao ukutani, moja chini, moja juu, zimejaa chupa za mayonezi zilizozibwa kwa pamba. Ndani ya kila chupa, uji mzito wa mahindi, ndizi, sukari na chachu ya mkate. Juu ya uji, nzi. Mwalimu alikuwa anamalizia kazi yake ya mwisho ya chuo. Alishaiahirisha mara moja, na chuo kilimwambia hakuna mara ya pili. Alitaka kujua kwa nini nzi anazeeka, na nani ndani ya mwili anayetoa amri hiyo.

Alinieleza polepole, kama mtu anayemlisha mtoto mchanga. Mwilini mwa nzi kuna homoni inayozunguka kama tarishi, inatangaza: chakula kipo, kueni, zaeni! Mwili ukisikia hivyo unatia nguvu zake kwenye mayai, nao wenyewe unachakaa upesi. Chakula kikipungua, tarishi anashusha sauti. Mwili unapunguza kuzaa, unakaa chini kujishonea viraka, na nzi anaishi zaidi. Tena kuna nzi wanaozaliwa na tarishi wa sauti ndogo, wamemrithi kwa wazazi wao. Hao wanabaki wafupi, lakini wanazeeka kwa kuchelewa.

Hapo nilisogeza kiti. Mimi ni mfupi. Dada yangu husema vita vilinikuta niko njiani kurefuka, nikashukia hapohapo.

– Kwa hiyo na mimi nitaishi sana?

– Weye si nzi, papa. Andika.

Nusu ya chupa za kila rafu alizibandika karatasi iliyoandikwa SHIBA, na nusu NJAA. Zile za njaa zilikuwa na chachu kidogo na sukari kidogo. Rafu ya chini ilikuwa yangu. Ya juu aliishughulikia mwenyewe jioni, maana mimi hata nikisimama kwa vidole vya miguu siifikii. Asubuhi yeye akiwa shuleni, nilibadilisha uji wa rafu yangu, nikawaandika waliokufa kwenye daftari, mwandiko mzuri kabisa.

Ila lile neno NJAA ndilo lililonimaliza.

Nilikuwa na miaka sita au saba mji wetu ulipofungwa na vita. Treni haikuja. Mitumbwi ilikaa ukingoni. Aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Mama alichemsha sombe, majani ya muhogo, bila mafuta wala chumvi, na sisi watoto tuliizunguka sufuria kimya, kama watu waliomo kanisani. Ua wetu wa matete ulikuwa na tundu, na ng'ambo yake aliishi mama mmoja Mwislamu mwenye mgomba nyuma ya nyumba. Siku moja moja mkono wake ulipita katika tundu lile na ndizi mbivu.

– Kula upesi, usiseme, ilisema sauti.

Uso wake siukumbuki vizuri. Mkono naukumbuka, wenye kovu la moto karibu na kidole gumba.

Sasa mchukue mtu kama huyo, umwache asubuhi nzima peke yake na chupa zilizoandikwa NJAA! Nzi walipanda kioo, wakanikazia macho yao mekundu. Najua hawakuwa wananitazama mimi. Siku ya tatu nilichovya kijiti cha ufagio katika ndizi iliyochacha, nikaisogeza pamba kidogo, nikakipitisha ndani.

– Kuleni upesi, nikawaambia. Msiseme.

Siri waliitunza vizuri. Niliwalisha hivyo asubuhi kwa asubuhi, chupa zote za njaa za rafu ya chini, kisha nikaenda zangu sokoni naimba, nikijiona mtu mwema kuliko wote wa Maniema.

Wiki ya sita mwalimu alirudi kutoka shuleni, akakaa na daftari, akahesabu na kuhesabu tena kwa kidole. Nzi wa NJAA wa rafu ya chini walikuwa wanakufa sawasawa na wale wa SHIBA, na chupa zao zilijaa mabuu. Wa NJAA wa rafu ya juu walikuwa bado wanaruka kama vijana.

– Sielewi, alisema. Ukoo mmoja, uji mmoja, chumba kimoja. Chini wanakufa, juu wanaishi.

– Pengine ni joto, nikasema. Mimi, profesa.

– Joto liko juu, si chini.

Akalifunga daftari.

– Siwezi kupeleka mbele ya maprofesa kitu ambacho mwenyewe sikielewi. Watanichana. Nitawaandikia leo kwamba naacha. Kaweke maji kwenye moto, papa, tuoshe chupa.

Nilikwenda. Niliupuliza ule mkaa mpaka macho yakatoa machozi, na si yote yalikuwa ya moshi. Koti jeupe nililiona likipaa na ndege bila mimi. Maji yalipoanza kuimba nikarudi mikono mitupu.

– Maji iko wapi?

– Mwalimu, wale wa chini niliwalisha.

– Ndiyo. Ile njo kazi yako.

– Wale wa njaa. Niliwapa ndizi. Kwa kijiti.

Akalifungua tena daftari.

– Mara ngapi?

– Kila asubuhi. Ila siku ya Mungu, maana siji.

– Tangu lini?

– Tangu siku ya tatu.

– Na wa juu?

– Siwafikii.

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, safari fupi, kisha akaitazama rafu ya juu. Akajiziba mdomo. Sikujua analia au anacheka, na nadhani naye hakujua.

– Umewapenda nzi wangu mpaka umewazika! Mungu wangu, kazi yangu yote imeokolewa na ufupi wako!

– Lakini walikuwa na njaa, nikasema, na sauti ikatoka ya mtoto. Ndipo nikamsimulia habari ya ule mkono.

Alisikiliza mpaka mwisho.

– Ile ilikuwa njaa ya kuua, papa. Ingekuwa inaongeza maisha, Kindu nzima tusingekufa kamwe. Hawa sikuwanyima, niliwapimia tu. Neno ndilo nililokosea.

Akabandua karatasi za NJAA rafu ya juu, akaandika CHAKULA KIDOGO. Kwa zile za chini akanipa mimi kalamu. Niliandika ukweli: wamelishwa kwa siri na msaidizi, tangu siku ya tatu. Maprofesa waliposomewa hapo, alinisimulia baadaye, walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Wakampitisha.

Chupa ya mwisho yenye nzi hai aliishusha kutoka rafu ya juu, akaniwekea mezani.

– Hawa watunze mpaka mwisho wao. Lakini mikono mgongoni!

Nikaweka mikono mgongoni. Nzi walipanda kioo, wepesi, wembamba, wanaishi. Alipotoka nje niliitoa ndizi iliyokuwa mfukoni, nikageukia ukuta, nikaila mwenyewe, upesi, bila kusema.