Tumbo la Parmuat Lilipofunguka

Tumbo la Parmuat lilianza kumgomea tangu akiwa moran, kijana askari wa Kimaasai. Wenzake wakishakula nyama porini na kunywa supu ya mizizi, kesho yake kila mmoja ana kichaka chake. Yeye wiki nzima kimya. Walimtania kuwa amemeza jiwe. Naye alicheka nao, maana moran kulalamikia choo, jamani, ni aibu tupu.

Miaka ikaenda, akaoa, akapata watoto, tumbo likabaki lile lile. Dawa za kienyeji alizinywa, za dukani alizinywa. Mwisho akaona nafuu ni kutokula na watu: alichelewa malishoni makusudi, akirudi bomani wenzake wameshakula. Mkewe, Naishorua, alimwona anakonda na kunyamaza, akamkokota hadi hospitali mjini Karatu.

Daktari wa upasuaji alimweleza waziwazi kwamba utumbo mpana umelegea, hausukumi tena, itabidi ukatwe. Ila kwanza, kama ilivyo taratibu kabla ya upasuaji huo, azungumze na Selestina, mshauri wa afya ya akili. Alipofikishwa kwake, Parmuat akawaka.

"Kilichoziba ni tumbo, mama, si kichwa."

Selestina hakubishana naye. Alimuuliza tu kama amewahi kutamani kufa. Akakaza uso, akasema hapana. Ukaidi wa mtu huyu, we acha tu.

Upasuaji ulikwenda salama. Choo kikaja, tena mara tatu kwa siku, na boma zima likamshukuru Mungu. Lakini Parmuat aliendelea kuchelewa malishoni. Tumbo lilikuwa limepona, moyo ulikuwa pale pale, na hilo lilimtisha kuliko kisu cha daktari.

Jioni moja Yohana, mwenzake wa rika, alimfuata malishoni na kibuyu cha maziwa. Enzi za umoran ilikuwa mwiko kunywa maziwa peke yako. Sasa ni watu wazima wenye familia, mwiko huo hauwafungi tena. Yohana akaketi chini.

"Sijanywa tangu asubuhi," akasema. "Bila wewe siwezi."

Parmuat akaketi kando yake, macho kwa ng'ombe.

"Mwaka jana nilikwenda korongoni nikitaka kufa. Selestina kule hospitali aliponiuliza, nilikana."

Yohana machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. "Ulirudi kwa nini?"

"Ng'ombe walikuwa hawajanywa maji."

"Kesho Naishorua atawanywesha," Yohana akasema. "Mimi na wewe tunakwenda kwa Selestina, na safari hii utamwambia kweli."

Parmuat akapokea kibuyu, akanywa, akamrudishia.