Prosesa Kubwa ya Fundi Venant

Fundi asiyekaliwa hafanyi kazi. Hilo Buhongwa nzima wanalijua, na wewe ukilibisha basi hujawahi kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani siku tatu kabla ya harusi. Ukimwachia kazi ukaondoka, utaambiwa njoo kesho mpaka uote mvi. Dawa yake ni moja: unajibebea chai yako, unakaa kwenye benchi lake, unamtolea macho.

Kwa fundi Venant watu walikaa hivyo hivyo, ila kwake haikuwa kwa sababu ya uongo. Venant alikuwa mtu wa kazi. Alikodi fremu kandokando ya barabara ya Shinyanga, akawa anahariri video za harusi, za sendofu za kuaga mabinti, na zaidi za misiba. Video ya msiba, usiichukulie poa. Ukimkata shemeji wakati anaweka shada, umegombanisha ukoo. Kwa hiyo Venant hakukubali kuitoa kazi mpaka mwenye msiba aje mwenyewe, aipitie kwenye kioo, aseme, "Huyu yumo, yule mrudishe." Akisharidhika, ndipo Venant anabonyeza, na kompyuta inaanza kuisaga, yaani kuiunganisha iwe filamu moja.

Na ilisaga kweli. Ilikuwa kompyuta ya mkono wa pili, prosesa yake, yaani ubongo wenyewe, ya chini kabisa, na video ya saa nne iliichukua saa sita. Saa sita hizo mteja yuko kwenye benchi. Ataenda wapi? Anakula andazi, anasimulia. Venant alijua nani kaachwa, nani kajenga Usagara, nani anamdanganya mumewe kuwa yuko kwaya. Alicheka na watu, akanyweshwa uji wa watu. Saa kumi na mbili jioni alifunga fremu, akaenda nyumbani kwenye vyumba viwili ambamo hapakuwa na mtu.

Mkewe, Getruda, alikuwa Dodoma. Alikwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua, akasema miezi mitatu. Ilikuwa inaingia miaka miwili. Hawakugombana, hakuna aliyemkosea mwenzake. Mtoto aliota meno, akaanza kutembea, akazaliwa wa pili, basi. Walipoongea kwa simu Getruda aliuliza, "Umekula?" naye akajibu, "Nimekula." Mara nyingi hakuwa amekula. Alikuwa mpweke, Venant, mpweke wa kuumia, na hakumwambia mtu, maana mwanaume wa miaka hamsini na minne anaanzaje kusema jambo kama hilo?

Sasa, wateja walianza kupungua. Vijana wa mjini walikuwa wanatoa video ndani ya saa moja na kuituma kwa simu. Obedi, anayeuza vifaa vya kompyuta mjini, alimjia na maneno ya kitaalamu. Obedi si mbaya, ni mwepesi tu wa mdomo.

"Mzee, kompyuta yenyewe si mbaya. Ubao wake unapokea prosesa yoyote ya kizazi hicho. Ya kati, laki nne, kazi yako itaisha kwa saa moja na nusu. Kubwa kabisa, milioni moja na laki mbili, pamoja na feni lake. Hiyo ni nusu saa."

"Laki nane zaidi, kwa saa moja tu ya tofauti?"

"Ndiyo maana nakwambia ukweli. Kwa kazi zako ya kati inatosha. Ile kubwa ni ya wenye haraka zao." Obedi akatabasamu. "Lakini naiweka uijaribu wiki moja. Ikikushinda nakubadilishia."

Akaifunga Jumapili mchana. Jumatatu asubuhi akaja mama Ng'washi.

Mama Ng'washi alikuwa mjane wa siku arobaini na mbili, kutoka Usagara. Misa ya arobaini ya mumewe, mzee Chenge, ilikuwa imesomwa Jumamosi, na watoto wake wote watatu walikuwa wamekuja. Alishuka na chupa ya uji, kanga ya akiba, na sura ya mtu aliyekuja kukaa. Fundi mmoja alishawahi kumzungusha miezi minne kwa video ya harusi ya binti yake. Safari hii hakumtuma mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kukukalia."

Waliipitia video ya msiba wa mzee. Mama akamrudisha mdogo wa marehemu aliyekatwa kichwa kwenye picha, akaridhika. Saa tatu na nusu Venant akabonyeza. Mama akajiweka sawa kwenye benchi, akavua viatu, akamimina uji vikombe viwili.

Saa nne na dakika tano kazi ilikuwa imekwisha.

Venant alikitazama kioo, akamtazama mama aliyekuwa anapuliza uji. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusimulia jinsi mzee Chenge alivyokuwa anakimbia kamera. "Miaka arobaini simpati hata picha ya kitambulisho bila ugomvi," alisema, "leo ana filamu ya saa nne." Venant akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Alhamisi. Akakigeuza kioo kidogo kielekee ukutani.

"Itachukua muda?" mama akauliza.

"Mpaka saa kumi hivi, mama."

Hapo ndipo alipokosea, na sitamtetea. Feni lilikuwa limenyamaza, na mama angeweza kushtuka, kwa hiyo Venant akafungua harusi moja ya zamani akaisagisha upya, ili feni livume. Ikiisha, anaianzisha tena. Aliianzisha mara kumi. Prosesa ya milioni na ushee ilishinda ikisaga harusi ya watu ambao hata ndoa yenyewe ilishavunjika.

Lakini siku yenyewe, aisee, ilikuwa nzuri. Mama Ng'washi alikuwa msimulizi. Alieleza mzee Chenge alivyouza ng'ombe akasahau alimuuza wapi, akazunguka minada mitatu kumtafuta aliyemnunua ili akumbuke bei. Venant naye, bila kujua ilivyotoka, akamweleza habari za Getruda. Alisema yote, tena alisema neno lenyewe: upweke. Mama akamsikiliza, akasema, "Pole, baba. Nyumba ikinyamaza inachosha kuliko jembe." Kifua cha Venant kikawa chepesi.

Saa sita simu ya mama ililia. "Bado, mwanangu," alisema. "Mashine ndiyo inasaga. Fundi hana kosa." Venant aliyasikia maneno hayo vizuri. Akainama, akajifanya anafunga nyaya.

Saa saba na nusu ililia tena, na safari hii mama alitoka nje kuongea. Aliporudi alikaa. Kisha akauliza, "Bado kidogo?"

"Bado kidogo, mama."

Ulimi haukumgoma. Angeweza kusema imeisha sasa hivi, mama akaondoka, na hakuna mtu angejua. Aliona tu kwamba akisema hivyo benchi litabaki tupu, na saa kumi na mbili iko mbali. Saa kumi akampa flashi. Mama akamshukuru kwa mikono miwili, akamwachia uji uliobaki.

Alhamisi mama akapiga simu.

"Habari za kazi, fundi? Flashi ni nzima, nilimpa jirani akaijaribu. Mimi mwenyewe sijaiangalia."

"Kwa nini, mama?"

"Watoto walikuwa wanapanda basi la saa nane. Walitaka tuitazame sote, wao na mimi, kabla hawajatawanyika. Mwanangu Pius likizo yake ndiyo ilikuwa inaisha, amerudi Tunduma. Waliningoja mpaka dakika ya mwisho. Nimefika nimekuta wameosha vyombo, wamefunga mlango, ufunguo kwa jirani. Peke yangu siwezi kuifungua. Nimejaribu, siwezi."

Venant akajikalia kwenye benchi.

"Sikulaumu," mama akaendelea. "Hata Pius nimemwambia asikulaumu. Nilikuwa nawaza tu, baba, hakuna namna ya kuiongezea nguvu hiyo mashine? Imechoka. Pius kasema kama ni mchango kidogo, yuko tayari kutuma. Wewe ni mtu mwema, usije ukakosa wateja."

Uongo ungekuwa rahisi hapo. Ulikuwa umeshatengenezwa, umebaki kumezwa tu. Venant alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Mama, ilikuwa imeisha saa nne."

"Saa nne ya wapi?"

"Saa nne asubuhi. Ulipokuwa unanimiminia uji. Nilikuficha."

Upande wa pili akasikia mtu akivuta kiti.

"Kwa nini, baba?"

"Nilitaka ukae."

Mama Ng'washi hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alisema taratibu, kama mtu anayepima mahindi, "Si ungeniambia? Ungesema, 'Mama, kazi imeisha, kaa kidogo tuongee.' Ningekaa. Ningekaa mpaka uji uishe, halafu nikaenda kwa wanangu." Akavuta pumzi. "Yote mawili yangewezekana." Akakata simu.

Venant alikaa fremu mchana kutwa bila kuwasha kompyuta. Alilia kidogo, nalisema kwa sababu lilitokea.

Jumapili Obedi akaja na mkoba wake na prosesa ya kati ndani ya boksi. Alikuwa ana uhakika na biashara hiyo.

"Basi nikubadilishie, mzee? Laki nne, saa moja na nusu, raha mustarehe."

"Hapana. Iache hiyo kubwa."

Obedi akakuna kichwa. "Laki nane zote hizo! Umepata kazi za televisheni? Mimi mwenyewe nimekwambia ya kati inakutosha."

"Kwa kazi inatosha," Venant akasema. "Saa moja na nusu ni ndefu, Obedi. Najijua, nitairefusha."

Obedi hakuelewa, na hakuwa na haja ya kuelewa. Alihesabu hela zake, akapanda pikipiki.

Habari zikasambaa kwamba kwa Venant siku hizi ni chap. Wateja wakarudi. Dada mmoja, Gladness, alikuja na video ya sendofu, akiwa na chapati kwenye kontena, tayari kwa kushinda. Akaipitia haraka, wote wamo.

"Nusu saa tu, dada."

"Kumbe? Basi ngoja nikapitie sokoni."

Akaenda, akarudi, akapokea flashi akiwa amesimama mlangoni. Venant alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno ya mama Ng'washi asubuhi nzima, mpaka akayaona kama ya mtoto. Akayasema hivyo hivyo.

"Kazi imeisha, dada. Kaa kidogo tuongee."

"Nina haraka, kaka. Siku nyingine."

Wa pili alikataa kwa adabu. Wa tatu alipokea simu palepale, akaaga kwa mkono. Wa nne alikuwa mzee Owiti, mstaafu wa bandari, aliyefuata video ya msiba wa dada yake. Yeye hakuwa na haraka. Aliweka flashi mfukoni, akalitazama benchi, akamtazama Venant usoni kwa muda.

"Tuongee nini?" akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli, na angekaa. Venant akafungua mdomo. Miaka yote ile watu walikuwa wanaanza wenyewe. Saa sita zilitosha neno kuja lenyewe, bila kuitwa. Sasa alitakiwa aanze yeye, na mzee alikuwa anangoja, mkono mmoja kwenye mlango.

"Habari za nyumbani?" akasema hatimaye.

"Nzuri tu," mzee akajibu, akangoja tena kidogo, kisha akaaga akaondoka.