Glavu ya Tisa

Kila Jumanne yule mzee, karani wa chama kidogo ndani ya Frimasoni wa Stockholm, alipanga viti tisa, maana waanzilishi walikuwa mabaharia tisa. Kiti cha kila aliyefariki alikilazia glavu nyeupe, akiinyoosha kidole kwa kidole kama anayemvisha mtoto. Gaudiosa, akipiga deki na mwanawe mgongoni, aliona glavu saba.

"Si mwalike wengine, mzee wangu?"

"Lazima mtu awe Frimasoni kwanza, mama, kisha aalikwe na watatu kati yetu."

"Nanyi mmebaki wawili!"

Simu ikalia. Mzee akasikiliza, akaitikia kwa Kiswidi, "Ja, ja," ndiyo, ndiyo, akaiweka taratibu. Akalaza glavu ya nane. Ya tisa akamkabidhi Gaudiosa.

"Kiti changu ni kile cha dirishani," akasema.