Kabichi Iliyoshangiliwa Siku ya Saba

Siku ya saba ya mwanangu, watu thelathini waliishangilia kabichi.

Msicheke kwanza.

Wagdi wangu alizaliwa na kilo moja na gramu mia tisa. Wakwe walipomwona wakanipa pole badala ya hongera.

"Huyu kifaranga," akasema mama mkwe, Haja Sekina. "Nipe mimi, mwanangu. Wewe utamvunja."

Na mimi nikamwamini! Niliogopa hata kumbadilisha nepi. Akinyamaza, nadhani amekufa. Akilia, nadhani namuua.

Nesi Tahani ndiye aliyemlaza Wagdi kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi. "Insaf, mashine yake ya joto ni wewe. Usimtoe hapa ovyo."

Siku ya saba, siku ya sherehe ya mtoto, ikafika. Haja Sekina akatoa chekeche la unga na kinu cha shaba.

"Atikiswe ndani ya chekeche, agongewe kinu, asije akawa mwoga."

"Mama, hajatimiza hata kilo mbili!"

"Rifaat mumeo nilimtikisa vizuri tu."

Nikamtazama Rifaat. Alikuwa anatafuta rimoti aliyoikalia. Kweli, alitikiswa.

Nikaingia jikoni. Nikaivika kabichi kofia, nikaizungushia blanketi, nikaifunika uso kwa kitambaa.

"Naogopa kijicho," nikawaambia wageni walioulizia uso. Nani angebisha?

Wagdi alikuwa ndani ya gauni langu, amelala fofofo.

Jamani, sifa zilizomwagika!

"Pua ya Rifaat tupu!" shangazi yake akapiga vigelegele, na pua yenyewe hajaiona.

Kabichi ikatikiswa. Nikairuka mara saba kama ilivyo ada. Haja Sekina akainama, akafunua kitambaa aseme yake sikioni: "Msikilize bibi yako, usimsikilize..."

Akakutana na majani ya kabichi.

Akanikazia macho. Nikafungua kola kidogo, aone kichwa cha Wagdi. Sikuangalia chini.

"...mama yako!" akamalizia, akakigonga kinu kama anakigombeza. Angesema nini mbele ya umati ule?

Alipotimiza mwezi mmoja na nusu, Wagdi alikuwa na kilo tatu. Nikalia pale pale kwenye mizani, wala sikuona aibu.

Juzi binti wa jirani kajifungua kachanga kama kangu. Nakwenda kumwona, namkuta Haja Sekina kaniwahi, anafoka:

"Kifuani, mwanangu! Chekeche ni la unga! Mimi mjukuu wangu nilimwokoa hivi hivi!"

Nikavuta kiti, nikakaa nimsikilize.

Dada uliyejifungua kadogo, usingoje ukoo mzima ukubaliane kwamba unaweza. Mlaze kifuani. Akinenepa, watakuja kusema walikufundisha wao.